Shajara ya mradi: majina ya makundi ya ndege katika Kiingereza cha kuandika

Januari, wiki ya pili

Mradi umeanza. Ni kijitabu cha mfukoni, kwa Kiswahili, cha kumsaidia mtu anayeandika kuhusu ndege kwa Kiingereza achague vizuri jina la kundi. Ninawalenga waongoza watalii wanaoandika ripoti za safari, wanafunzi wa vyuo vya wanyamapori na walimu wa Kiingereza wa sekondari.

Riziki yangu ni kuhariri ripoti za namna hiyo, na kuna jambo linalojirudia. Mtu anamjua ndege barabara, anamtambua kwa mlio kabla hajamwona, lakini akifika kwenye sentensi ya kundi anaacha alichokiona mwenyewe na kuokota neno kwenye orodha. Orodha ya kwanza ni ile ya shule: "a flock of birds", "a brood of chickens", "a swarm of bees". Tuliikariri, tukajibu mtihani, basi. Orodha ya pili ni ya intaneti, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi: "a murder of crows", "a parliament of owls", "a flamboyance of flamingos", "an unkindness of ravens". Maneno haya hupangwa safu moja kana kwamba yote yana umri mmoja na kazi moja. Hayako hivyo. Mengine yana zaidi ya miaka 500, mengine yalitungwa juzi. Mengine huandikwa kila siku na wanaohesabu ndege, mengine hayaandikwi na mtu yeyote ila watunga orodha.

Utaratibu nitakaofuata: kila neno liulizwe nani hulitumia, tangu lini, na ndege huwa wanafanya nini linapotumika. Neno lisilojibu swali la tatu litapewa mstari mmoja tu.

Januari, mwishoni

Nimeshughulikia chanzo. Orodha karibu zote za leo zinarudi kwenye kitabu kimoja kilichochapwa mwaka 1486 katika mji wa St Albans, kaskazini mwa London, ambacho watu hukiita The Book of Saint Albans. Kinahusu uwindaji wa kutumia vipanga, uwindaji wa wanyama, na nembo za koo za kiungwana. Kwa desturi kinahusishwa na mwanamke aitwaye Juliana Berners. Ndani yake mna orodha ya "makundi ya wanyama na ndege". Orodha za aina hiyo zilikuwepo tayari katika hati za mkono za katikati ya karne ya 15, lakini uchapaji ndio uliozieneza. Mwaka 1496 mchapaji Wynkyn de Worde alikitoa tena kitabu hicho, na baada ya hapo orodha ikawa inanakiliwa kizazi hadi kizazi.

Kitabu kiliwalenga watu waliotaka kuonekana waungwana. Kijana wa ukoo bora alitakiwa kujua kwamba kwale wakiwa pamoja ni "covey", bata bukini ni "gaggle", na tausi ni "muster". Aliyekosea neno alijulikana hapo hapo kuwa hakulelewa miongoni mwa wawindaji. Kwa hiyo tangu mwanzo maneno haya yalikuwa na kazi mbili: kumtaja ndege, na kumtambulisha msemaji. Ninataka msomaji wetu alijue hili, kwa sababu kazi ya pili ingali hai. Mtu akiandika "an exaltation of larks" leo, mara nyingi anatuambia jambo kuhusu yeye mwenyewe kuliko kuhusu ndege wale.

Tena orodha yenyewe haikukoma kwa ndege na wanyama. Katika kurasa zile zile wamo majaji, ambao ni "a sentence", wamo madaktari wa elimu, ambao ni "a doctrine", na wamo watawa wa kike, ambao wanaitwa "a superfluity", yaani wamezidi kiasi. Neno "gaggle" lililopewa bata bukini limepewa wanawake pia. Waandishi wa orodha walikuwa wakicheza na lugha, wakiwapiga vijembe watu wa zama zao. Anayedai kwamba "unkindness" ni istilahi ya kitaalamu ya kunguru wakubwa weusi, basi akubali pia kwamba "superfluity" ni istilahi ya kitaalamu ya watawa.

Februari, mwanzoni

Mwezi huu nimekaa na maandishi ya John Hodgkin. Mwaka 1909, chini ya jumuiya ya wanafilolojia ya Uingereza, alichapisha uchunguzi wa orodha ya 1486 neno kwa neno, na hoja yake ndiyo uti wa mgongo wa kijitabu chetu. Anasema mengi ya maneno yale hayakuwa majina ya makundi hata kidogo. Yalikuwa maneno maalumu ya tabia ya mnyama, sauti yake, au tendo lake. Baadaye watu walipoona muundo wa "a … of …" walidhani kila mstari unataja kundi.

Ushahidi uko kwa ndege wenyewe. Orodha inasema "a watch of nightingales". Nightingale dume huimba usiku, kila mmoja na eneo lake; hawatembei kwa makundi. "Watch" ni kukesha. Orodha inasema pia "a siege of bitterns", na bittern ni ndege wa mwanzini anayejificha peke yake. Neno "siege" hapo ni kituo, mahali ambapo korongo au bittern husimama kimya kando ya maji akivizia samaki. Mwindaji mwenye kipanga alihitaji kujua korongo yuko "at siege" au yuko angani, maana namna ya kumrusha kipanga ilibadilika. Lilikuwa neno la kazi.

Ukishashika hoja hii, orodha nzima inafunguka. Nimetumia siku nyingi hapa na sijutii, kwa sababu kila neno linageuka kuwa maelezo ya mtu aliyekaa na kumtazama ndege kwa makini.

"A spring of teal": teal ni bata mdogo, na akishtushwa haponyoki kwa kukimbia juu ya maji kama bata wengine wazito, bali huruka wima, ghafla, kutoka pale alipo. "A fall of woodcock": woodcock wengi huvuka Bahari ya Kaskazini usiku mwishoni mwa vuli wakitoka Skandinavia na Urusi, na asubuhi mwindaji wa pwani ya mashariki ya Uingereza huwakuta wamejaa vichakani ambako jana yake hapakuwa na kitu. Wameanguka, ndivyo ilivyoonekana. "A building of rooks": rook ni jamaa ya kunguru anayejenga matago mengi kwa pamoja kwenye vilele vya miti mirefu, kelele zake zikisikika kijiji kizima. "A charm of goldfinches" haina uhusiano na uzuri wala uchawi. Ni neno la zamani la sauti za ndege wengi wadogo zilizochanganyika. "A dule of turtledoves" limetokana na neno la Kifaransa la msiba, kwa sababu hua hulia kama anayeomboleza.

Lapwing ana kisa kirefu zaidi. Katika orodha ya 1486 ni "desserte", na baadaye watu wakaliandika "deceit", udanganyifu. Atakayemkaribia lapwing mwenye kiota atamwona akijifanya ameumia ili amvute adui mbali na mayai. Mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer, karne moja kabla ya kitabu cha St Albans, tayari alikuwa amemwita ndege huyu mwongo aliyejaa hila. Na wetu wa huku, lapwing wa nyika za Serengeti, nao hupiga kelele na kujitupa kwa mtu anayesogelea mayai. Muongoza watalii yeyote anakijua kitendo hicho, hata kama neno lake la Kiingereza hajawahi kulisikia.

Uamuzi: sehemu ya kwanza ya kijitabu itaanza na maneno haya, yakielezwa kwa tendo la ndege. Hatumwambii msomaji ayatumie yote. Tunamwonyesha namna wenye lugha walivyotazama, ili naye atazame hivyo kabla hajaandika.

Februari, katikati

Dokezo fupi kuhusu maneno yaliyopotoka njiani. Bata katika orodha ya 1486 ni "badelyng". Leo orodha zinasema "a paddling of ducks", na watu huamini kwamba ni kwa sababu bata hupiga maji kwa miguu. Herufi ilisomwa vibaya, maana ikatafutiwa baadaye. Neno limekaa vizuri, na mimi silipingi. Nimeliweka pamoja na maelezo hayo.

Februari, mwishoni

Kaka mmoja muongoza watalii wa Karatu ameniandikia: "Shikamoo dada. Nikiweka 'a murder of crows' kwenye ripoti, wageni si watapenda? Kwenye mtandao wanasema ndiyo sahihi."

Nimemjibu: "Marahaba kaka. Ni sahihi kwa maana kwamba lipo kwenye kamusi. Lakini umewaona kunguru wakifanya nini?" Akasema walikuwa wakigombania jaa nyuma ya kambi, kama ishirini hivi. Nikamwambia aandike hivyo hivyo: "about twenty crows were fighting over scraps behind the camp". Mgeni atawaona.

Historia ya neno lenyewe inasaidia kumshawishi mtu. "Murder" limo katika orodha ya karne ya 15, kisha kwa karne kadhaa halionekani katika maandishi ya kawaida. Waingereza wa karne ya 19 waliandika "a flock of crows". Lilifufuka katika karne ya 20, hasa baada ya orodha za kale kurudi mtindo. Mmarekani James Lipton alitoa mwaka 1968 kitabu kizima cha majina haya, An Exaltation of Larks, akiyachanganya ya kale na aliyoyabuni mwenyewe, na kilipendwa sana. "A parliament of owls" halimo kabisa katika orodha ya 1486. Ni kichwa cha sura katika hadithi ya watoto ya C. S. Lewis ya mwaka 1953, mchezo wa maneno juu ya shairi la Chaucer kuhusu bunge la ndege. Bundi walio wengi huishi wawili wawili au peke yao, kwa hiyo mwandishi wa ripoti hana mahali pa kulitumia.

Maneno haya yana nafasi yake: hadithi, shairi, kichwa cha makala, kadi ya salamu. Kijitabu kitasema hivyo waziwazi, na kitasema pia kwamba yakiingia kwenye ripoti ya sensa ya ndege yanamfanya msomaji asimame atazame neno badala ya ndege.

Machi

Sehemu ya ndege walio angani. Hapa lugha ya Kiingereza ina utajiri wa kweli, nami nimeipa kurasa nyingi kuliko nilivyopanga.

Bata bukini wakiwa chini, shambani au kando ya maji, ni "gaggle". Wakiruka ni "skein", neno la uzi uliosokotwa na kuviringwa. Wakijipanga kwa umbo la herufi V, huitwa pia "wedge". Tofauti hii si pambo. Mtu akiandika kwamba "skeins" za bukini wa miguu ya waridi zilipita juu ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, jioni, msomaji anajua bila kuambiwa zaidi kwamba ndege walikuwa angani, kwa mistari, pengine wakitoka mashambani kwenda kulala. Bukini hawa huja kutoka Iceland na Greenland kukaa Uingereza wakati wa baridi. Kwa nini mistari? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafunga vifaa vya kupimia ibis wenye upara waliofunzwa kufuata chombo chepesi cha kuruka kutoka Austria kwenda Italia. Ikaonekana kwamba kila ndege hujiweka mahali ambapo hewa inayopandishwa na bawa la aliye mbele itambeba, na huoanisha hata mapigo ya mabawa yake. Neno "skein" linapotumika vizuri linabeba jambo hilo lote.

"Kettle" ni la watazamaji wa ndege wa Marekani. Tai, mwewe na tumbusi wanaohama hutafuta hewa ya moto inayopanda, wakazunguka ndani yake bila kupiga mabawa mpaka wafike juu, kisha huteleza kwenda kwenye mkondo unaofuata. Kundi linalozunguka hivyo ndilo "kettle". Huko Veracruz, Mexico, mamilioni ya ndege hawa hupita kila vuli. Nasi Bonde la Ufa tunalo: Oktoba na Novemba tai wa nyika na wenzao kutoka Ulaya na Asia hushuka kusini, na korongo weupe hupanda hewa ya moto juu ya Serengeti kwa namna ile ile. Neno hili tunalihitaji, na waongoza watalii wetu wana kila sababu ya kulitumia. Masharti ni mawili: ndege wawe wanazunguka, na wawe wanapanda.

Sasa "murmuration". Orodha ya 1486 inalo kwa kwezi wa Ulaya, na asili yake ni sauti: mnong'ono wa maelfu ya ndege wanaotulia kulala. Leo maana imehama. Gazeti la Uingereza likiandika "murmuration" linakusudia lile tendo la jioni za baridi, kwezi wakijikunja na kujikunjua angani kwa umbo linalobadilika kila dakika kabla ya kushuka kwenye malalo. Kwezi kumi wanaodonoa majani bustanini ni "flock" tu. Mhariri makini hatawaita "murmuration".

Tendo hilo limechunguzwa. Wanafizikia wa Roma waliweka kamera juu ya paa la Palazzo Massimo, karibu na kituo cha treni cha Termini, wakapiga picha makundi ya kwezi kwa namna iliyowawezesha kujua kila ndege alipo. Matokeo yaliyotoka mwaka 2008 yalionyesha kwamba kila ndege hufuata majirani zake sita au saba wa karibu, wawe mbali au wawe wamebanana, na kwa hiyo habari ya mgeuko husambaa kundi zima bila kiongozi. Giorgio Parisi, mmoja wa walioanzisha kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2021 kwa utafiti wake wa mifumo tata. Nimeviweka visa hivi viwili kwenye kijitabu, cha ibis na cha kwezi, kwa sababu mwanafunzi akijua ndege wanafanya nini na kwa nini, hatalisahau neno wala hatalitumia mahali pasipo pake.

Aprili, mwanzoni

Sarufi. Mwalimu ninayeshirikiana naye alisisitiza sura hii iwemo, na ana haki, maana hapa ndipo wanafunzi wake wanapopoteza alama.

Swali kuu: "a flock of flamingos was feeding" au "were feeding"? Marekani wanapendelea umoja, kitenzi kifuate "flock". Uingereza hukubali yote mawili. Ushauri wetu: kama kundi linafanya jambo kama mwili mmoja, umoja, kama ndege wametawanyika kila mmoja na lake, wingi, ikiwa unaandikia wasomaji wa Kiingereza cha Uingereza. Usichanganye ndani ya aya moja.

La pili ni "s" inayokosekana. Wawindaji wa Uingereza, na wengi wanaowafuata, huandika "a covey of quail", "a fall of woodcock", "three brace of grouse". Ndege wa kuwindwa na bata wa mwituni hubaki katika umbo la umoja hata wakiwa wengi. Hata "brace" lenyewe halichukui "s". Mwanafunzi akiona "two teal" asidhani ni kosa la uchapaji.

Na "brace" lina tahadhari yake. Maana yake ni wawili, lakini husikika hasa kwa ndege waliowindwa. Muongoza watalii akiandika kwamba wageni waliona "a brace of spurfowl" hifadhini, Mwingereza atajiuliza walipigwa risasi na nani. Andika "a pair" kama ni dume na jike, "two" kama hujui.

Aprili, mwishoni

Nimemaliza "covey". Ni neno la zamani ambalo bado liko kazini kikamilifu, na wanasayansi hulitumia bila haya. Ni familia ya kwale au kware, wazazi na vifaranga waliokua, wanaokaa pamoja mpaka msimu wa kuzaliana. Huko Marekani kware aitwaye bobwhite hulala na wenzake kwa duara, mikia katikati, vichwa nje. Hivyo hupeana joto, na adui akitokea kila mmoja huruka kuelekea upande wake. Huwezi kusema "covey" ya ndege mia tatu. Ukubwa umo ndani ya neno.

"Raft" nalo limepita: bata au kukuziwa wengi wanaoelea wamekaribiana. Wakipanda ukingoni, neno limekwisha.

Mei

Ndege wa kwetu. Nimeirudia sehemu hii kwa uangalifu mkubwa kwa sababu ndiyo itakayosomwa zaidi.

Flamingo kwanza. "Flamboyance" ni la kisasa, halina uhusiano na orodha ya kale, na kila tovuti ya safari inalo. Silikatazi kwenye tangazo. Lakini mwandishi wetu anahitaji maneno matatu mengine. Ziwani Manyara, ndege wakila, ni "flock". Ziwa Natron, ambalo ndilo mahali pakuu pa kuzaliana pa heroe wadogo katika Afrika Mashariki, wakiwa kwenye matago yao ya matope ni "colony". Vifaranga wakishatoka kwenye matago wakakusanyika kwa maelfu wakilindwa na ndege wakubwa wachache, ni "crèche". Ukiandika "a colony of flamingos at Lake Manyara", msomaji mtaalamu ataelewa kwamba wametaga Manyara, na hiyo itakuwa habari kubwa. Neno moja linaweza kubadilisha ripoti.

Kwelea ni hivyo hivyo, na kwa wakulima wetu jambo lenyewe ni zito zaidi. Ni ndege wa gramu kama 20 tu, lakini makundi yake hufika mamilioni, naye husifika kuwa ndege wa mwituni aliye mwingi kuliko wote duniani. Mtama, uwele, mpunga na ngano huvijua vizuri. Kiingereza cha ripoti za kilimo hutenganisha "flock" inayokula shambani mchana, "roost" ambako wanalala usiku, mara nyingi kwenye matete au miti ya miiba, na "colony" ambako wanataga. Operesheni za kunyunyizia dawa hulenga "roost" au "colony". Anayetuma taarifa kwa Kiingereza na kuandika "a large group of quelea" hajawaambia wahusika waende wapi wala saa ngapi. Hapa sina mjadala na mtu: maneno haya matatu lazima yajulikane kwa kila afisa ugani anayeandika.

Kisha kuna neno ninalolipenda kuliko yote, "bird party". Waandishi wa ndege wa Afrika hulitumia kwa kundi mchanganyiko la msituni: Usambara, kwa mfano, unaweza kutembea kitambo bila kuona kitu, halafu ghafla miti imejaa ndege wa aina nyingi wanaosafiri pamoja wakitafuta wadudu, mmoja akifurusha, mwingine akidaka. Dakika chache baadaye pametulia. Wanasayansi huandika "mixed-species flock". Yote mawili ni sahihi, na hakuna hata moja kati ya orodha maarufu za intaneti nilizopitia iliyolitaja, kwa sababu orodha hizo hupanga ndege kwa jina la aina moja moja. Jambo linaloonekana kila siku katika misitu yetu limekosa mstari kwa sababu tu halikuwemo katika orodha ya 1486.

"Lek" nimelipa aya. Ni mkusanyiko wa madume wanaojionyesha ili majike wachague. Katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania yupo ndege mdogo mweusi mwenye mkia mrefu, Jackson's widowbird, ambaye kila dume hukanyaga nyasi akaacha kishada katikati, kisha huruka juu na kushuka mara nyingi mahali hapo hapo. Uwanja huo na madume yaliyopo ndio "lek".

Juni

Tumbusi. Orodha za kisasa zinajivunia kuwa na maneno matatu: "kettle" wakizunguka angani, "committee" wakiwa mtini, na "wake" wakiwa kwenye mzoga. La kwanza ni la kazi, tumelieleza. La tatu maana yake ni mkesha wa msiba.

Mwalimu alitaka tuliweke kwa kuwa wanafunzi wanalipenda. Tumezungumza kwa muda mrefu. Nimemwambia, kwa heshima, kwamba mwaka 2015 aina kadhaa za tumbusi wa Afrika, wakiwemo wa mgongo mweupe na wa Rüppell, zilipandishwa hadi daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Juni 2019, kaskazini mwa Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa pamoja na tai wawili baada ya kula mizoga ya tembo iliyotiwa sumu na majangili. Majangili hufanya hivyo kwa sababu tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa. Mtu anayeandika ripoti ya tukio kama hilo, akiandika "a wake of vultures", amegeuza maiti kuwa mchezo wa maneno bila kukusudia. Hata ripoti ya kawaida ya tumbusi wanaokula mzoga salama inafaidika na "about forty vultures at a wildebeest carcass", pamoja na mgawanyo wa aina, maana idadi ndiyo itakayolinganishwa na ya mwakani.

Mwalimu amekubali. "Wake" na "committee" yatatajwa kwenye ukurasa wa maneno ya mapambo, na chini yake sentensi moja: yasitumike kwenye ripoti ya vifo.

Julai

Hali ilivyo. Rasimu ya sura zote imekamilika isipokuwa ya ndege wa pwani wenye miguu mirefu, wanaokuja kutoka kaskazini kuanzia Agosti na Septemba. Sitaki kuiandika kutoka mezani. Waongoza watalii wa Bagamoyo na wa Rufiji wameombwa waniandikie kwa Kiswahili wanachokiona maji yanapokupwa na yanapojaa: ndege hula wapi, husimama wapi, hukaribiana kiasi gani. Kiingereza kina "high-tide roost" kwa wale wanaosubiri maji yatoke, na ninashuku hilo ndilo litakalokuwa na faida kubwa kuliko yote katika sura hiyo.

Mwalimu anaandaa mazoezi. Kila zoezi litakuwa picha moja na swali: ndege wanafanya nini? Sentensi kwanza kwa Kiswahili, ya Kiingereza baadaye. Darasa lake la kidato cha tatu limejaribu machache. Kwa picha ya kwelea jioni juu ya matete, wengi waliandika "roost" bila kusaidiwa, na binti mmoja aliuliza kama neno hilo hilo ni la mahali au la ndege. Ni yote mawili, kama "lek" na "colony", na swali lake limeingia kwenye sura ya sarufi.

Yaliyobaki kabla ya kupeleka kwa mchapaji: kusahihisha faharasa, kupata ruhusa za picha mbili za Natron, na kuamua kama "party", kwa maana ya kundi dogo la aina moja kama vitabu vya utambuzi vinavyoandika, likae ukurasa mmoja na "bird party" au litengwe. Ninaelekea kulitenga.